Siku ya Tisa ya Leseni

Leseni ilikuwa na siku tisa, mimi miaka arobaini na saba,
na pikipiki, ya mkono wa tatu, haikutaka kutaja umri wake.
Niliinunua kwa Xurxo fundi bomba, kule Mondoñedo.
Akaniongeza glavu zake, pana, zinazonuka gundi,
akasema: "Eladia, breki ya mbele usiiguse ukiwa umelala."
Nikadhani anasema kitanda. Nikacheka.
Alikuwa anasema kona.

Mvua ya Galisia haishuki; imekaa tu hewani
kama mgeni aliyeaga mara tatu na bado yuko mlangoni.
Mikaratusi imepukutisha majani njia nzima,
membamba, mekundu, yanateleza kama magamba ya samaki.
Nami naimba ndani ya helmeti, peke yangu, bila aibu,
mtu wa kaunta ya dawa, aliyesimama miaka ishirini na miwili
akihesabu vidonge vya presha vya tarafa nzima.
Leo amekalia moto, na anaupenda.

Gia ya tatu. Ghala la mahindi, la mawe, juu ya nguzo zake.
Mbwa. Kabichi. Kona ya kulia
ambayo kwa gari nimeipita mara elfu bila kujua ni kona.

Niliingia na mwendo wa kuimba.

Halafu trekta.
La kijani, na nyuma yake marobota ya nyasi
yamevishwa plastiki nyeusi, manene, yanang'aa,
na gurudumu, Mungu wangu, gurudumu lile la mbele,
tope katika meno yake, jani moja la kabichi limenasa.
Nililiona lile jani. Nilikuwa na wakati wa kuliona.
Mstari mweupe ulinipita chini ya mguu bila kuniuliza.
Nilivyozidi kulitazama gurudumu ndivyo nilivyolifuata,
kama tumeshika kamba moja, na lenyewe linavuta.
Hakuna aliyekuwa anaendesha. Macho yalikuwa yanaendesha.

Sijui nani aliigeuza shingo yangu.
Si ujasiri; ujasiri ulishashuka kona ya nyuma.
Mbele huko, mvuani, shati la mtu limeanikwa, jeupe,
nikajiuliza ni mjinga gani anaanika leo,
na pikipiki, tiifu kama punda,
ikaelekea kwenye shati.

Kioo cha kushoto kikabusu plastiki. Paa!
Chupuchupu, watu husema, kwa mdomo mwepesi.
Mimi nilipita kwenye tundu la sindano na mabuti miguuni.

Injini imezimika yenyewe. Goti linacheza ngoma isiyopigwa.
Akashuka mzee Balbino. Namjua kwa vidonge:
cha moyo asubuhi, cha lehemu usiku.
Nikangoja matusi; niliyastahili yote, hata ya mama.
Akaniokotea kioo, akakifuta kwa kiwiko.
"Ulikuwa unanitazama mimi," akasema. "Mimi si barabara."

Uso wake ulikuwa na rangi ya unga.
Nikavua glavu za Xurxo, nikamshika kifundo cha mkono,
nikahesabu, kana kwamba dunia nzima ni kaunta:
mia moja ishirini na nne.
"Umemeza cha asubuhi?"
"Nimesahau."
Tukakaa ukingoni, juu ya jiwe lililolowa,
tukingoja mioyo miwili ishuke gia.

Jumatatu alikuja na cheti chake cha dawa.
Bosi yupo. Sikusema, hakusema.
Akachukua mfuko, akanihesabia senti kwa senti,
kisha, kabla ya kupiga hatua, akageuza shingo yote,
taratibu, kwa madaha, mpaka kidevu kikaelekea mlangoni,
akasubiri kuhakikisha nimeona,
ndipo miguu ikamfuata.